Mawe ya Miritini

Chaani, Changamwe
Jumapili, 28 Januari 2024

Mdogo wangu Lamis,

Assalaam alaykum. Sisi huku ni wazima, twaamka na twalala, alhamdulillahi. Joto la kaskazi limetushika, maji ya mfereji yaja siku mbili kwa wiki, na bomba la jikoni limeziba tena. Anwar wa duka la dawa ameozesha binti yake wa pili. Nilipeleka sinia ya mahamri kwa jina lako pia, usije ukasemwa. Baba ni mzima, ila macho. Mtoto wa jicho amelifunika lote la kulia, na la kushoto laona vivuli tu. Daktari asema tungoje mpaka aive.

Sasa lililonikalisha niandike. Simu Baba haitaki kwa mambo ya maana, wamjua. "Ya simu hayakai," asema. Ameombwa azungumze katika ukumbi wa msikiti baada ya Idi juu ya Tufani ya Nabii Nuhu, naye amefurahi kama aliyeitwa kufundisha tena. Yale mawe yake yenye konokono ndani, aliyoanza kuyaokota Miritini walipopasua vilima kupitisha reli mpya, yote thelathini na moja nimeyatoa chini ya kitanda. Nimeyaosha kwa mswaki, moja moja, nimeyapanga juu ya mkeka. Yeye huyapapasa na kusema, "Bahari ilifika huku juu, Mahfoudha. Imeletwa na nini kama si Tufani?"

Nikamwambia, "Basi Baba, ushahidi si huo unao?"

Akasema, "Tungoje neno la Lamis. Yeye ndiye mwenye elimu ya mawe."

Aliyeyaosha ni mimi, lakini haidhuru. Mwandikie mistari mitatu, kwamba mawe haya yathibitisha kuwa maji yaliifunika dunia yote. Nitamsomea kama ninavyomsomea zote. Mistari mitatu haikuvunji mkono.

Nduguyo,
Mahfoudha


Kambini, nje ya Lodwar
19 Februari 2024

Dada yangu Mahfoudha, shikamoo. Na kwa Baba shikamoo, na tena shikamoo, na ya tatu ni ya siku zote ambazo sikuwepo kuitoa.

Barua yenu ilikaa Lodwar siku tisa, hakuna gari lililokuja kambini. Huku twaishi watu kumi na mmoja na mbuzi wasio na mwenyewe. Kazi yetu ni kushindilia bomba katika tope kavu la ziwa la kale na kulitoa tope lenyewe zima, refu kama muwa. Chrispine, mwenzangu wa kuchimba, kila barua ya Mombasa ikija huuliza kama ndani mna mahamri.

Da Mahfu, aive nini? Siku hizi hawangoji mtoto wa jicho aive. Tafadhali rudini hospitali.

Yanayofuata ni ya Baba. Msomee yote, usiruke.

Baba, konokono wako ni wa bahari kweli, hukukosea. Lakini waliishi kabla ya mwanadamu yeyote, miaka zaidi ya milioni mia na hamsini nyuma, na pale Miritini palikuwa chini ya bahari. Walikufa kwa zamu, tope likawafunika polepole, tabaka juu ya tabaka, kisha ardhi ikainuka. Si wao waliopandishwa na maji. Ni kitanda chao kilichonyanyuliwa. Na yale matumbawe yaliyo katika kisima cha shangazi kule Kisauni ni ya zama nyingine kabisa, juzi tu ukilinganisha, miaka laki moja na zaidi. Yamesimama wima vile vile yalivyoota. Tumbawe kubwa kama lile hukua mamia ya miaka. Gharika ya mwaka mmoja ingeling'oa, haingelilea.

Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kama maji yaliifunika dunia yote kwa wakati mmoja, alama yake ningeikuta hata huku, tabaka moja nene la vurugu katika kila ziwa, la tarehe moja. Nimelitafuta, Baba. Wallahi nilitamani nilipate, nikuletee mikononi. Nimehesabu tabaka maelfu, moja juu ya moja kama kurasa, na halipo.

Nuhu namwamini kama ulivyonifunza. Lakini siwezi kukuandikia kwamba mawe yamesema lisilosemwa na mawe. Nawe uliwahi kutwambia chuoni, ulipokuwa ukitufunza, kwamba wako wanavyuoni walioona Tufani iliwashukia kaumu ya Nuhu, si ulimwengu mzima. Labda hapo ndipo pa kuanzia.

Dada, asante kwa kuyaosha. Wewe wamsikia hata akikohoa alfajiri. Mimi ningetoa mengi kukisikia kikohozi hicho.

Wako mdogo,
Lamis


Chaani
8 Machi 2024

Lamis,

Wa alaykumu salaam. Ramadhani yaingia wiki ijayo inshallah. Nimenunua tambi na unga wa ngano mapema kabla bei haijapanda. Bomba la jikoni limetengenezwa, sasa lavuja la bafuni.

Barua nimemsomea. Aliniambia niyafunike mawe kwa kitambaa. Siku mbili hakuyagusa. Umeridhika?

Sasa nijibu mimi. Wewe wasema miaka milioni. Nani alikuwepo akahesabu? Wasema hakuna gharika ya dunia nzima. Mbona Wahindi wana hadithi ya gharika, Wagiriki wana yao, na watu wa Babeli wana yao? Walikutana wapi hao wakapanga uongo mmoja? Mimi nilitoka shule kidato cha tatu, Mama alipougua, wajua. Lakini akili haikubaki shuleni. Na usisahau aliyekufunza alifu na be ni nani. Uliketi mapajani pangu ukiwa huwezi hata kupenga kamasi zako.

Miaka sita namshika Baba mkono kumpeleka msikitini. Nimemsomea magazeti, tafsiri, hata karatasi za dawa. Likija neno la maana asema, "Tungoje Lamis." Ukituma barua, huniambia niisome mara ya pili. Mimi nikimwambia jambo, halitaki mara ya pili. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu ni kinyume: asiyekuwepo ndiye mwenye lake.

Ya macho niachie mimi.

Mahfoudha


Kambini
16 Aprili 2024

Da Mahfu, shikamoo. Idi mubarak, ingawa itakufikia imepoa. Tulisali watu wanne chini ya turubai, na Chrispine, ambaye si Mwislamu, akapika pilau isiyo na bizari. Tulimshukuru tukaila.

Nianze na maswali yako, kwa kuwa ni maswali mazuri. Nani alihesabu? Yako mawe yenye kitu ndani kinachopungua kwa kipimo kisichobadilika, kama mshumaa unaowaka. Ukijua ulivyokuwa na ukaona uliobaki, wajua umewaka muda gani. Na zile hadithi za gharika, sisemi ni uongo. Watu hujenga penye maji, na penye maji hufurika. Kila taifa liliona dunia yake ikizama, na dunia yake ndiyo iliyokuwa dunia yote iliyoijua. Gharika zimekuwepo nyingi, kubwa za kutisha. Kinachokosekana ni alama ya ile moja iliyofunika kila mahali siku moja.

Kama huniamini, usiniamini. Nenda Miritini wewe mwenyewe. Tazama ukingo uliopasuliwa, utafute jiwe lenye njia za minyoo, vijishimo vilivyopindapinda walimotembea na kukaa. Kisha jiulize: mnyoo hujenga nyumba, akaihama, mtoto wake akajenga nyingine juu yake, katikati ya Tufani?

Sasa jambo jingine.

Nimepata barua ya Baba. Ameandikiwa na Anwar wa duka la dawa, bila wewe kujua. Ni fupi. Asema: "Mwanangu, ikiwa mawe yangu ni takataka ya bahari na mimi ni mzee wa kujiaibisha, niambie kwa ulimi wako, si kwa karatasi."

Dada, takataka nimeiandika wapi? Kujiaibisha nimeandika wapi? Ulimsomea nini?

Lamis


Chaani
2 Juni 2024

Lamis,

Assalaam alaykum. Barua yako ilichelewa, barabara zilikatika kwa mvua, na ilipofika niliiweka chini ya godoro siku tatu. Usifikiri ni posta peke yake.

Nilimsomea uongo. Nimeandika, sasa nipumue.

Nilifungua barua yako ya Februari mbele yake, nikaisoma kimya kwanza kama kawaida, nikafika pale "nilitamani nilipate, nikuletee mikononi." Nikamwona Baba ameinamisha kichwa, ametega sikio, uso umemng'aa, na hajasikia hata neno moja bado. Ni karatasi tu ilichakarika. Mimi humletea chai, dawa, maji ya udhu, na uso ule sijapata kuuona. Mdomo wangu ukasema wenyewe: "Asema mawe hayo ni takataka ya bahari, na usijiaibishe mbele za watu." Nilitaka akukasirikie siku moja tu. Hakukukasirikia. Aliumia, na mimi nikaendelea kumpakulia futari mwezi mzima.

Barua yako ya pili iliponifika nilikwenda Miritini. Si kwa toba, nisijipake rangi. Nilikwenda nipate la kukuzima. Nilimchukua Matano, yule fundi aliyepasua mwamba pale wakati wa reli na kumpa Baba jiwe la kwanza. Mvua ilikuwa imeuosha ukingo, malori yapita juu na honi zao, sisi tuko chini kwenye matope. Nikaona zile tabaka. Sikuwa nimeziona kabla, niliona mawe tu. Nyembamba, Lamis, kama chapati za tabaka, na huzimalizi kuzihesabu. Matano akapasua pande kwa nyundo, akaniambia, "Tazama hii, mwalimu." Ameniita mwalimu, sijui kwa nini. Ndani mlikuwa na njia ya mnyoo, imepinda, imerudi, ikatokea upande wa pili, na juu yake tope jingine tulivu, na juu yake njia nyingine. Nilitazama mpaka Matano akaniuliza kama naumwa.

Nilikuwa nimekosa, na hakuna aliyeniona nikikosa isipokuwa fundi mmoja. Ningeweza kulitupa jiwe. Nililifunga katika kanga nikarudi nalo.

Nikampa Baba. Akalipapasa kwa kidole cha shahada, akaifuata njia yote kama anayefuata mstari wa msahafu.

"Hii ni nini?"

"Ni nyumba ya mnyoo, Baba. Alikaa hapo kwa raha zake. Hakukuwa na gharika."

"Nani amekwambia?"

Basi nikaileta barua yako ya Februari nikamsomea yote, sikuruka, na shikamoo zako tatu. Nilipomaliza nilikuwa nalia, na yeye ametulia.

"Hiyo ndiyo sauti yake," akasema. "Ile ya kwanza nilijua siyo. Tangu lini Lamis akaandika mistari miwili?"

"Ulijua, Baba? Mbona hukuniuliza?"

Akasema, "Ningekuuliza, nani angenisomea?"

Sijapigwa maishani mwangu, lakini sasa najua kunavyouma. Baba yangu aliniogopa. Alikwenda kwa Anwar akipapasa ukuta, asinikasirishe mimi.

Na hilo halikunitoa wivu, nikuambie kweli. Mhadhara ulikuwa Jumamosi ya tarehe kumi na nane Mei. Ukumbi ulijaa, nasi wanawake nyuma ya pazia. Baba aliyatoa mawe yote mezani, akasema: "Miaka tisa nimeyaita haya mashahidi wa Tufani. Nilikosea. Shahidi ambaye hakuliona jambo hatumlazimishi kuapa. Nuhu namwamini kwa Kitabu, si kwa konokono."

Mtu mmoja akasimama akauliza, "Maalim Habib, kwa hivyo Tufani haikufunika dunia?"

Baba akamjibu, "Wako wanavyuoni waliosema ni dunia yote, wako waliosema ni kaumu yake. Mimi leo naegemea hawa wa pili. Aniambiaye mawe yamethibitisha vingine, namwomba aniletee jiwe. Nililonalo mimi lina nyumba ya mnyoo." Watu wakacheka, na si kwa kumcheka yeye. Hakuwa ameaibika. Sijamwona mkubwa vile.

Kisha akasema, "Haya nimefunzwa na binti yangu Lamis, aliye Turkana."

Basi. Wanawake wakanigeukia, "Hongera, nduguyo amesoma!" Nikatabasamu. Kucha zangu bado zilikuwa na tope la Miritini lisilotoka.

La mwisho, na hili Baba halijui. Daktari hakusema tungoje. Hospitali ilinipigia mimi simu, tukapewa siku ya upasuaji mwezi Januari. Nilipiga simu nikasema mzee ana homa. Tukapewa ya Machi, nikasema yuko Ramadhani. Nilihofu akiona atasoma mwenyewe, na akisoma mwenyewe mimi nitakuwa nani humu nyumbani?

Unaweza kutonijibu.

Mahfoudha


Kambini
20 Juni 2024

Mahfoudha,

Shikamoo. Nimeirarua barua ya kwanza niliyokuandikia, na ya pili. Hii ni ya tatu, na ni fupi kwa sababu ya hasira.

Miezi mitano ya giza, dada! Angeanguka kwenye ngazi za msikiti. Angekufa bila kuiona nuru, kwa sababu wewe wataka kushika karatasi. Kachukue siku leo. Si kesho. Usipokwenda nitampigia Anwar.

Nimekwenda nikatembea, nimerudi.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini sijaja miaka miwili, na mimi hujibu kazi. Si kazi. Nikija nyumbani nawekwa kiti cha mgeni. Nikiingia jikoni wewe wanitoa. Mara ya mwisho Baba aliomba maji, nikainuka, ukaniambia, "Keti, wewe hujui ayapendavyo." Nilipanda gari la Nairobi nikilia kwamba sijui baba yangu anywa maji gani. Wewe una asubuhi zake zote, mimi nina barua. Barua nilizifanya ndefu ili nikushinde. Zile shikamoo tatu, Mahfu, nilijua utazisoma wewe. Nilijua zitakuchoma.

Kwa hivyo tusijifanye kuna mmoja mwema.

Lile jiwe lenye njia mbili, moja juu ya nyingine, silo lililomo katika barua yangu. Mimi nilisema tu litafutwe. Umelipata wewe. Nitamwandikia Baba hivyo, na ukitaka usimsomee, usimsomee.

Lamis


Chaani
14 Julai 2024

Mdogo wangu Lamis,

Assalaam alaykum. Upepo wa kusi umepoza nyumba, usiku twajifunika shuka. Bomba la bafuni nimelitengeneza mwenyewe. Anwar asema binti yake ana mimba. Umeshatukana, na mimi nimeshatukanika, tuendelee.

Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji tarehe nne. Nilimwambia Baba yote njiani, ndani ya teksi, Januari na Machi na homa ya uongo. Alinisikiliza mpaka tukafika langoni. Akasema, "Nipe mkono nishuke." Hakusema jingine siku ile. Nilikaa nje saa mbili nikisoma matangazo yale yale ya ukutani, na sikujua kama atakapotoka nitakuwa mwanawe au mtumishi.

Bandeji ilitolewa kesho yake asubuhi. Akatazama dirisha, akamtazama muuguzi, akanigeukia mimi. Alitazama sana.

"Umezeeka, Mahfoudha," akasema.

Nikacheka, Lamis, nikacheka mpaka muuguzi akaniletea kiti. Miaka sita hakuwa ameniona! Alikuwa akiishi na msichana aliyemkumbuka. Nikamwambia, "Nimezeeka nikikusomea."

"Najua," akasema. "Na Matano amekwisha niambia nani aliyekanyaga tope la Miritini. Pale ukumbini nilisema jina la yule wa mbali kwa kuwa hakuwepo. Wewe nilidhani wajua." Kisha akaongeza, "Nilidhani vibaya."

Sijui kama imetosha. Mchana nikifikiri yatosha, jioni nasema, jina langu lingemgharimu nini siku ile? Wivu si mtoto wa jicho, haukatwi kwa saa mbili. Lakini nimekwambia nisemalo moyoni, na hilo ni jipya kwangu.

Jana alasiri nilinunua mkate, umefungwa kwa gazeti la wiki iliyopita. Baba akalitwaa gazeti, akalinyoosha kwenye goti, akavaa miwani. Nikainuka niende jikoni.

"Kaa," akaniambia. "Leo nasoma mimi."

Akanisomea kila kitu. Bei ya saruji, mbuzi waliopotea Kwale, kiwanja kinachouzwa, matangazo ya vifo na majina ya wafiwa wote. Alikwama kwenye herufi ndogo, akarudi, akaendelea. Mimi nimekaa kwenye mkeka nimeweka mikono mapajani, sina la kufanya. Chai ilipoa. Nilikuwa na miaka minane tena, nikisomewa na Baba.

Nimesikia una likizo. Njoo, jikoni utaingia, na maji utampa wewe, huyapenda ya mtungi yasiyo baridi sana. Lakini njoo Septemba. Agosti niachie mimi, nisomewe.

Nduguyo,
Mahfoudha